Kinachochezwa kwenye Simu Nyekundu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ameondoka leo asubuhi, amekwenda kwa mama yake, na mimi sijui kwa nini. Nauandika mstari huu kwanza ili siku nikija kusoma nisijidanganye kwamba nilijua.

Amechukua begi moja, mwavuli, na simu zake mbili: ile ndogo ya kupigia na ile nyekundu ya zamani anayosikilizia nyimbo. Hakugomba. Angegomba ningepata pa kushika. Alisimama mlangoni akasema, "Mvua zikikatika nitakuja. Nikikuta umejua kwa nini nimeondoka, tutazungumza. Nikikuta hujajua, nitachukua vyangu vilivyobaki."

"Si uniambie tu, tuyamalize?"

"Nilishakuambia. Na usinifuate, si kazini wala kwa mama."

Akafungua mwavuli, akashuka ngazi, na mvua yenyewe hata haijaanza.

Nilishaambiwa! Lini? Nikiwa wapi? Mimi si kiziwi. Katika watu wote ninaowajua hakuna mwenye masikio kama yangu. Nipigie wimbo wowote, nitakuambia mpiga besi anatumia vidole au kipande cha plastiki.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Nimeunguza chakula mara mbili. Daftari hili nimelishona kazini kwa mabaki ya karatasi, maana mimi ni mkataji karatasi kiwanda cha uchapaji. Kurasa hazilingani, lakini nani atakagua?

Jumapili, 10 Machi

Leo nimekaa kuzitafuta sababu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, mfuko uleule mara kumi.

Labda ni zulia. Nililitoa chumbani nikalitundika ukutani sebuleni ili kuua mwangwi. Aliuliza, "Na miguu yetu asubuhi?" Nikamwambia avae ndala. Au ni kochi. Kochi linameza sauti, nikaligawa, sasa wageni wanakalia viti vya plastiki. Au ni waya, maana siku moja alijikwaa na sinia zima la vikombe. Lakini hayo yote aliyasema kwa sauti, tukabishana, tukacheka, yakaisha. Mtu haondoki kwa ajili ya zulia. Au huondoka?

Kundi letu la simu linaitwa Masikio. Tuko kumi na mmoja. Kila jioni kila mtu anaandika anasikiliza nini na kutuma picha ya vyombo vyake: spika, amplifaya, kile kisanduku kinachovuta muziki wa mtandaoni. Mwalimu wa hisabati ana spika ndefu kuliko yeye. Kinyozi wangu hana sebule ya maana, vyombo vyake viko kibandani, wateja wananyolewa kwa mdundo. Mimi huko naitwa Bwana Besi. Wameuliza mbona niko kimya wiki nzima. Nimewajibu waya umeharibika. Sikuweza kuandika lililoharibika.

Jumamosi, 16 Machi

Hili nalo niliandike vizuri.

Saa kumi jioni nilikuwa sebuleni, wimbo uko katikati, mara spika kimya. Nikakagua waya, nikakagua rauta, nikaigonga amplifaya kidogo, kwa heshima. Kumbe kwenye simu yangu pameandikwa: "Muziki unachezwa kwenye kifaa kingine: simu nyekundu."

Binti yetu, kabla hajaenda chuoni, ndiye aliyetufungulia akaunti. Alichagua ile ya mtu mmoja. Nyimbo zote za dunia unazo, lakini zinacheza mahali pamoja tu kwa wakati. Akianza mwingine, wewe unakatika. Vifaa vyetu alivipa majina mwenyewe: sebuleni, simu nyekundu. Tulikuwa tukinyang'anyana, mke wangu yuko jikoni mimi niko sebuleni, tukipigiana kelele, "Nipishe wimbo mmoja!"

Kwa hiyo anasikiliza. Anasikiliza orodha yetu, ile ya Nyumbani, na mimi naona anachosikiliza. Nikakaa kwenye kiti changu mbele ya spika zilizonyamaza nikaangalia majina ya nyimbo yakibadilika moja baada ya jingine. Nilifurahi mpaka nikaona haya, na nyumbani hamna mtu wa kumwonea haya.

Jumanne, 19 Machi

Saa nne asubuhi, niko kwenye mashine, nikachungulia simu: nyekundu inacheza. Mke wangu ni karani wa posta. Dirishani kwao simu hairuhusiwi. Sielewi.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Nywele hata hazijaota, kinyozi akaona nimekuja na jambo. Nikamweleza. Akazima mashine, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Huyo anazungumza na wewe," akasema. "Mwanamke akinuna hatumii maneno. Anaruka zipi?"

"Zote za mapenzi. Zinaingia, sekunde ishirini, anaruka."

"Hasira bado. Anarudia ipi?"

"Tarumbeta. Ile ndefu isiyo na mwimbaji. Juzi kairudia mara kumi na moja."

Akafikiri sana, mkono kidevuni. "Tarumbeta ni mwito. Unaitwa, ndugu yangu. Sasa jibu! Ongeza nyimbo kwenye hiyo orodha, uone anapokea ipi."

Mtu wa nje angetucheka, wanaume wawili wenye mvi tunasoma nyimbo kama wapiga ramli. Lakini yeye angalau alikuwa na maelezo. Mimi sikuwa nayo.

Jumapili, 24 Machi

Nimeongeza nyimbo sita. Mvua tangu alfajiri.

Alhamisi, 28 Machi

Sita zote zimerukwa. Tarumbeta mara tisa.

Jumanne, 2 Aprili

Mwalimu wa hisabati katuma picha ya spika mpya kundini. Wote wamempongeza. Nami nimempongeza. Halafu nikajiuliza, mbona sioni wivu? Mwezi uliopita nisingelala.

Jumapili, 7 Aprili

Kapokea!

Jana, baada ya kupigwa chenga wiki mbili, nilitia wimbo ambao mtu mzima huuweka watoto wakiwa wamelala. Mwimbaji anasema njoo, weka kichwa kifuani, nguo zina kazi gani, na mengine ambayo sitayaandika humu. Nikasema potelea mbali, kama mbwai na iwe mbwai. Leo saa tatu asubuhi umeingia kwenye simu nyekundu. Sekunde ishirini. Dakika moja. Dakika mbili. Sikupumua. Umesikilizwa mpaka mwisho, dakika sita kasoro.

Nikampigia kinyozi. Akasema, "Nunua shati."

Jumatano, 10 Aprili

Nimelirudisha zulia chumbani. Mwangwi sebuleni ni wa ajabu, lakini akirudi akute miguu yake imefikiriwa.

Jumamosi, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilivaa shati jipya nikasema sasa nimpigie, kwani kupiga simu hakukukatazwa. Nikafungua orodha kwanza, nikaona nyekundu inacheza, ni tarumbeta. Nikasema vizuri, yuko kwenye muziki wetu, nimkute humohumo. Nikapiga ile simu yake ndogo.

Akapokea. "Haloo."

"Hujambo, mke wangu."

"Sijambo. Umejua?"

"Nakaribia."

Akavuta pumzi. Nyuma yake nikasikia muuzaji anaita wateja wa nyanya, pikipiki, mtu anabishana juu ya mizani. Mimi ni mtu wa masikio. Nilisikiliza chini ya kelele, nikasikiliza juu yake. Hapakuwa na tarumbeta.

"Uko wapi?" nikauliza.

"Sokoni. Kwa nini?"

"Na simu yako nyekundu unayo hapo?"

Taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa, akasema, "Unaniuliza simu nyekundu iko wapi?"

"Ndiyo."

"Bado hujui," akasema, akakata.

Nikaangalia orodha. Tarumbeta ilikuwa imeanza tena mwanzo. Yeye yuko sokoni, na mtu mwingine, mahali pengine, anairudia tarumbeta. Mtu asiyekwenda kazini saa nne. Mtu anayeruka nyimbo zangu za mapenzi kwa sababu anajua zimetumwa na nani. Na ule wimbo wa kifua aliusikiliza wote! Lo! Alikuwa anacheka, bila shaka. Labda walikuwa wawili wanacheka.

Jumapili, 14 Aprili

Nilikwenda kwa kinyozi nikitaka aniambie najipotosha. Alinisikiliza, akakung'uta taulo, akasema bila kuniangalia, "Kikulacho ki nguoni mwako." Basi. Nikarudi na mvua yote mwilini.

Nimebadilisha nywila ya akaunti. Simu nyekundu haitaingia tena. Huyo bwana, awe nani awe nani, akatafute nyimbo zake.

Jumatatu, 15 Aprili

Simu nyekundu haichezi. Vizuri sana.

Jumanne, 16 Aprili

Haichezi. Spika zote ni zangu, saa zote, hakuna wa kunikatiza. Nimewasha, nikazima.

Jumatano, 17 Aprili

Mbona sifurahi? Nimekata karatasi vibaya kazini, rimu nzima, msimamizi kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Binti yetu amepiga jioni.

"Shikamoo baba. Baba, akaunti umeifanya nini? Bibi hapati nyimbo tangu Jumapili."

"Marahaba. Bibi gani?"

"Kwani nina bibi wangapi? Mama yake mama!"

"Bibi yako anasikiliza nyimbo?"

"Atafanya nini kingine, baba, na haoni?"

"Haoni nini?"

Nilisikia mlango ukifungwa huko bwenini, kama vile hakutaka wenzake wasikie aibu ya baba yake.

"Baba," akasema. "Bibi haoni. Macho yote mawili. Yalikwisha Februari. Mama ndiyo maana amehamia kule, ndiyo maana ile simu nyekundu kampa. Kwani wewe ulidhani nini?"

Sikumjibu nilidhani nini. Jambo kama lile huwezi kumwambia mwanao.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema.

"Mama alikuambia. Alinipigia siku hiyohiyo analia, akasema ametoka hospitali na bibi, amekuambia. Mimi siku zote nilijua unajua. Nikasema baba ana kazi nyingi, ndiyo maana haendi kumwona." Sauti yake ikabadilika. "Bibi anashinda kitandani, leo siku ya nne. Ule wimbo wa tarumbeta ndio anaotembelea. Sasa hautaki kufunguka, na mama akija kutoka kazini anakuta bibi hajala. Jumatatu alijaribu bila wimbo, akajigonga mlangoni, paji la uso limevimba."

Sikuelewa mtu anatembeleaje wimbo. Lakini uvimbe niliuelewa. Nikamwambia nimepitiwa, nimebadilisha nywila kwa bahati mbaya. Uongo wangu wa kwanza kwa mtoto huyo tangu aanze kusoma.

Nikamtumia mke wangu nywila mpya. Akajibu neno moja: "Sawa."

Ijumaa, 19 Aprili

Sikwenda kazini. Nimekaa chini sebuleni, kwa sababu kile kiti sikuweza kukikalia, nikatafuta siku ya Februari.

Nimeipata. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo spika hizi zilifika. Kutwa nzima nilikuwa nazisogeza, kidole huku, kidole kule, natafuta pale zinapokutana masikioni. Mke wangu akaingia na viatu vya nje. Nikamkalisha kwenye kiti, nikawasha. Akasema kitu. Nilijua kinywa chake kinatembea. Sasa, nikitulia, maneno nayapata, maana sikio liliyachukua hata kama mwenye sikio hakuyataka: "Mama haoni tena. Daktari amesema hakuna la kufanya."

Na mimi nikamjibu, "Sogea kidogo kulia. Hapo, hapo! Unasikia?"

Akasema, "Nasikia."

Nilimpiga picha. Nikaituma kundini, nikaandika: "Mke wangu akionja spika mpya." Leo nimeitafuta ile picha. Amefumba macho, mikono mapajani. Mwalimu wa hisabati aliandika chini yake, "Shemeji kazama kwenye muziki." Wengine wakaweka vidole gumba. Nimeikuza picha mpaka uso ukajaa kioo. Analia. Watu kumi na mmoja wa kundi la Masikio tulimwangalia mwanamke anayelia, tukasifia spika.

Jumamosi, 20 Aprili

Nyekundu inacheza. Tarumbeta, mara mbili tu, halafu kimya. Anaanza upya, nadhani.

Nimezifuta nyimbo zote za mapenzi. Ndipo ikanijia akilini, kama maji ya baridi, kwamba ule wimbo wa kifua na nguo nilimtumia mama mkwe wangu. Mama mkwe, ambaye miaka ishirini na mitatu nimekuwa nikimsalimu nimeinamisha kichwa. Mungu wangu, ardhi iko wapi inimeze?

Jumatano, 24 Aprili

Kinyozi kaja nyumbani kuomba radhi. Tumekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja anaangalia ukuta wake. "Mimi nilisema mwito," akasema mwishoni, "na kweli kulikuwa na mwito." Nikamwambia anyamaze anywe chai.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua kubwa. Nimejipanga kwenda, nimefika kituoni, nimerudi.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda.

Mke wangu ndiye aliyefungua. Sikungoja anikaribishe, nikasema yote hapohapo mlangoni: mama, macho, siku ile ya spika, kiti, picha. Nikamaliza kwa kusema, "Sasa nimejua."

"Hujajua," akasema. "Umeambiwa. Hii ni mara ya pili unaambiwa, na safari hii imebidi mtoto akuambie. Mimi nilikuwa mtu mzima nimekaa mbele yako."

Nikasema, "Basi nifanyeje?"

"Mimi ndiye wa kukufundisha na hilo?"

Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Ndani sauti ikauliza, "Nani huyo?"

"Mkwe wako, mama."

"Yule wa nyimbo? Mlete."

Sijawahi kupita mlango kwa uzito ule. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kitambaa kichwani, kivimbe cha paji la uso kimeshageuka kijani. Simu nyekundu ilikuwa ndani ya bakuli la bati, ili isikike kwa nguvu. Nyimbo zilizotengenezwa na mafundi wa dunia nzima zilikuwa zinatoka bakulini kama nyuki waliofungiwa. Ulimi uliniwasha. Nikauma meno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hizo za kubembelezana niliziruka, usidhani nilikuwa nachunguza mambo yenu. Nikisikia tu mpenzi, natafuta plasta." Akanionyesha: mke wangu amebandika vipande vidogo vya plasta juu ya kioo, vidole vimwongoze, hapa kuwasha, hapa kuruka, hapa kurudia. "Moja tu ndiyo nilisikia yote. Plasta ilikuwa imebanduka. Nikapiga kioo, nikapiga, yule bwana hanyamazi! Ikabidi nimwache amalize shida zake."

Mke wangu, mlangoni, akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanacheza. Sikuweza kuona kama ni kicheko au kilio.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Kwa wimbo, na kwa zile siku nne."

"Zile siku nne zilikuwa mbaya," akasema, bila kunipunguzia. "Tarumbeta yako ndiyo njia yangu. Ikianza naondoka hapa kitandani, mkono ukutani. Pale inapopanda, niwe nimefika mlangoni. Ikiisha niwe nimeshika meza ya jikoni. Mwanzoni niliirudia mara tatu kabla sijafika. Siku hizi nafika na dakika inabaki. Ulipoikata, nyumba yote ilipotea." Akatafuta mkono wangu akaupata. "Lakini njia za ndani sasa ninazo. Ninachokosa ni nje. Huyu mwenzio akirudi kazini amechoka, nikimuuliza kukoje, ananiambia kuko vilevile mama. Njoo Jumamosi uniambie nje kukoje."

Jumamosi, 11 Mei

Nimeshindwa. Tumeketi barazani, nikamwambia, "Kuna mti."

"Mti gani?"

Sikujua. "Una majani," nikasema. Mama mkwe akasema, "Hongera."

Nikajaribu kumweleza kwa sauti, ndege yuko upande gani, pikipiki ya aina gani imepita. Akanikatiza. "Masikio ninayo, mwanangu. Nipe nisichokuwa nacho."

Mke wangu alikuwa anafua uani, hakuja.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda kazini kwa miguu ili nione vitu. Mlinzi wa jengo la pembeni ana mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Miaka sita napita pale. Mlango wa kiwanda chetu ni wa bluu. Ningeulizwa mahakamani ningesema ni kijivu.

Alhamisi, 16 Mei

Jua kutwa. Sijafungua kundi la Masikio wiki nzima, na hawajauliza. Spika zina vumbi. Sijui kama hii ni toba au uvivu tu.

Jumamosi, 18 Mei

Siku ya tatu bila tone. Mvua zimekatika. Nilijua hivyo nilipoamka, na sikula kitu. Ahadi ya mlangoni ilikuwa hiyo, na mimi bado sikuwa na jibu zuri kuliko lile alilolikataa.

Mama mkwe alikuwa barazani ananisubiri. Nikaanza. Nikamwambia maji ya mtaroni yamekauka yameacha ukoko wa udongo uliopasukapasuka, na kwenye ufa mmoja kumeota nyasi tatu. Jirani wa kushoto ameanika godoro lenye doa kubwa, mwenyewe amesimama mbele yake ili watu wasilione. Paka mweupe wa yule jirani si mweupe tena, ni rangi ya chai ya maziwa. Mama mkwe akamcheka paka, akauliza la godoro mara mbili.

Halafu akasema, "Na binti yangu? Yukoje siku hizi? Sauti yake naijua. Uso wake mara ya mwisho niliuona mwezi wa kwanza, tena kwa ukungu."

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mlango, ameshika kitambaa cha kufutia vyombo. Akasema, "Mama, achana na hayo."

"Sijakuuliza wewe."

Nikamtazama mke wangu. Miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa kama mtu anayesoma barua ya kwanza.

"Amekonda, mama," nikasema. "Gauni limemlegea mabegani. Chini ya macho kumeingia weusi. Halali vizuri."

"Hajaniambia," mama akasema.

"Ana mvi. Upande wa sikio, nyingi. Sijui zilianza lini." Macho yangu yakashuka mikononi mwake. "Kwenye kiganja cha mkono ana alama ya kuungua, haijapona, ameifunga kwa plasta kama zile za simu yako. Amebana midomo. Anataka kunikasirikia na amechoka. Ana huzuni, mama. Nadhani anayo tangu Februari, na amekuwa akiibeba peke yake, hapa kwako anaificha usiisikie, na kwangu hapakuwa na mtu wa kuiona."

Mama mkwe alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni, kule ambako binti yake alikuwa hatoi sauti yoyote.

Mke wangu akajifuta macho kwa kile kitambaa cha vyombo. Nikadhani ataingia ndani, begi liko tayari, aseme twende nikachukue vyangu. Akatoka kivulini, akashuka ngazi mbili za baraza, akaja akasimama juani mbele yangu, karibu.

"Haya," akasema. "Mwambie yote."